Tairi huzeeka hata likiwa limelala

MSIMU wa kuvuna mahindi unapowadia katika eneo la Moi's Bridge, kati ya Oktoba na Desemba, magari mengi yaliyokuwa yamelala kwa miezi huamshwa. Trela zilizoegeshwa nyuma ya ghala tangu msimu uliotangulia hufungwa kwenye trekta, pikapu za zamani hutiwa mafuta na betri zake kuchajiwa, na malori hupanga foleni kuelekea maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) mjini humo.

Kabla ya safari hizo, mwenye gari hukagua injini, breki na taa. Akifika kwenye matairi, aghalabu hutosheka kuyatazama meno tu. Yakiwa bado marefu, na upepo ukiwemo, tairi huhesabiwa kuwa zima.

Hapo ndipo kosa lilipo. Tairi la trela inayofanya kazi miezi miwili kwa mwaka linaweza kutimiza miaka 12 huku meno yake yakikaribia kuwa kama yalivyokuwa siku liliponunuliwa, ilhali mpira wenyewe umekwisha kufa. Meno hueleza tairi limetembea kiasi gani. Hayaelezi limeishi miaka mingapi, na katika eneo la wakulima mambo hayo mawili ni nadra kwenda sambamba.

Mpira wa tairi si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mpira wa asili unaogemwa mitini na ule unaotengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli. Hutiwa masizi meusi yanayoupa rangi na uimara, salfa inayoufanya ushikamane, na kemikali za kuukinga dhidi ya hewa. Ndani yake mna nyuzi na, katika matairi mengi ya kisasa, matabaka ya nyaya za chuma yaliyolala chini ya meno. Vitu hivyo vyote huunganishwa kwa joto kali kiwandani, na usalama wa tairi hutegemea kuendelea kushikamana kwake.

Maadui wakuu wa mshikamano huo ni oksijeni na ozoni. Oksijeni hupenya polepole ndani ya mpira, ikiwemo ile iliyoshindiliwa ndani ya tairi pamoja na upepo, na kuufanya mpira ukakamae. Ozoni, gesi iliyomo hewani kwa kiasi kidogo, hushambulia kutoka nje, hasa mahali ambapo mpira umevutika, na kuacha nyufa ndogondogo ubavuni. Jua na joto huharakisha kazi ya zote mbili.

Watengenezaji wanalijua hilo. Ndiyo maana huchanganya nta maalumu kwenye mpira. Tairi linapozunguka na kunepa barabarani, nta hiyo hujisogeza hadi juu na kuufunika mpira kwa utando mwembamba usiopitisha ozoni kwa urahisi. Tairi lisilozunguka hukosa kinga hiyo, kwa maana nta hubaki ndani.

Kwa sababu hiyo, trela iliyosimama juani mwaka mzima yaweza kuwa na tairi baya kuliko la matatu inayopiga safari kati ya Eldoret na Kitale kutwa kucha. La matatu huisha meno kabla ya kuzeeka, nayo macho huliona na kulikataa. La trela huzeeka kabla ya kuisha meno, na macho hulipitisha.

Mkulima aliye na gari la msimu anaweza kupunguza madhara haya bila gharama kubwa. Trela ikiinuliwa kwa magogo au mawe imara ili uzito usikandamize sehemu moja ya tairi kwa miezi kumi, na matairi yakifunikwa yasipigwe na jua, yatadumu zaidi. Aidha, si vyema kuyaweka karibu na mota ya umeme ya kinu cha kusagia wala mahali pa kuchomelea vyuma, kwa kuwa shughuli hizo huzalisha ozoni. Mafuta ya injini na dizeli yaliyomwagika sakafuni nayo hulainisha na kuharibu mpira.

Mfano mmoja wa ughaibuni waonyesha gharama ya kutegemea meno peke yake. Mnamo Septemba 2012, basi lililokuwa likiwarejesha vijana kutoka tamasha la muziki la Bestival katika kisiwa cha Wight, Uingereza, liliacha njia kwenye barabara ya A3 karibu na Hindhead. Watu watatu walifariki, dereva akiwa mmoja wao. Uchunguzi ulibaini kwamba tairi la mbele lililopasuka lilikuwa na zaidi ya miaka 19. Lilikuwa limemzidi umri mmoja wa marehemu, kijana wa miaka 18.

Jambo la kushtua zaidi ni kwamba tairi hilo halikuwa kipara. Kina cha meno yake kilitimiza matakwa ya sheria ya nchi hiyo, na hapakuwa na kosa lolote ambalo askari wa trafiki angelimshtaki nalo dereva siku hiyo. Mama wa kijana huyo aliendesha kampeni kwa miaka kadhaa hadi sheria ikabadilishwa. Tangu Februari 1, 2021, ni marufuku nchini Uingereza kwa lori au basi kutumia tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele. Tarehe ya kutengenezwa nayo sharti isomeke.

Kuisoma tarehe hiyo si kazi ya fundi pekee. Ubavuni mwa tairi mara nyingi huwa na herufi DOT, ambazo ni ufupisho wa jina la wizara ya uchukuzi ya Marekani, zikifuatwa na msururu wa herufi na tarakimu zinazotaja kiwanda na aina. Tarakimu nne za mwisho, aghalabu zikiwa ndani ya umbo kama la yai, ndizo zenye umri. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 3518 lilitengenezwa katika wiki ya 35 ya mwaka 2018, yaani mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba.

Tairi lenye tarakimu tatu badala ya nne ni la kabla ya mwaka 2000, kwa sababu utaratibu wa tarakimu nne ulianza mwaka huo. Hilo halina haja ya kujadiliwa. Pahali pake si barabarani.

Kuna jambo linalowapotosha wengi. Msururu kamili wenye tarehe huandikwa upande mmoja tu wa matairi mengi, na upande wa pili hubakizwa sehemu ya msimbo isiyo na tarehe. Fundi akilifunga tairi huku upande wenye tarehe ukitazama ndani, mwenye gari anaweza kulizunguka gari lake mara kumi asiione. Itambidi ainame chini ya gari na kurunzi au aligeuze gurudumu. Mnunuzi anayeambiwa na muuzaji kwamba tairi lake “halina tarehe” ana haki ya kuomba ligeuzwe kwanza. Na iwapo tarakimu hizo zimekwaruzwa, ni heri aende duka jingine.

Je, tairi huhesabiwa kuwa limezeeka likifika miaka mingapi? Watengenezaji hawakubaliani kikamilifu. Kampuni ya Michelin hushauri kwamba tairi lililotumika kwa miaka mitano likaguliwe na mtaalamu angalau mara moja kila mwaka, na kwamba lolote lililofikisha miaka 10 tangu kutengenezwa libadilishwe hata kama laonekana zima. Ford, kwa upande wake, imekuwa ikiwashauri wateja wabadilishe matairi yanapotimiza miaka sita bila kujali meno. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba mmoja wao amekosea. Tairi lililohifadhiwa ghalani penye giza na ubaridi halizeeki sawa na lililosimama juani likiwa limebeba mzigo. Kwa gari linalobeba mzigo mzito na kulala nje, kama yalivyo mengi ya Moi's Bridge, ni busara kufuata miaka sita kuliko kumi.

Suala la umri lina uzito wa pekee nchini Kenya kwa kuwa sehemu kubwa ya magari huingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Kanuni ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini. Kwa mfano, mwaka 2025 magari yaliyokubaliwa yalikuwa ya kuanzia 2018. Gari la namna hiyo hufika Mombasa likimetameta, na mnunuzi huona kilomita chache kwenye dashibodi akafurahi. Hata hivyo, kilomita zikiwa chache, yamkini matairi ni yaleyale liliyotoka nayo kiwandani, na huenda yana miaka saba. Kilomita chache ni sifa kwa injini, lakini kwa tairi zaweza kuwa ndiyo dalili ya uzee uliojificha.

Baadhi ya magari hayo hutoka sehemu za Japani zenye theluji yakiwa na matairi ya majira ya baridi. Mpira wake ni laini kwa makusudi ili ushike barafu, na meno yake yana mikato mingi midogo. Ubavuni huwa na neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kwenye lami yenye joto matairi hayo huisha upesi na kuyumbisha gari. Hayakuundwa kwa ajili ya jua la Bonde la Ufa.

Wapo pia wanaonunua matairi ya mitumba kwa sababu ya bei. Haitakuwa haki kuwakejeli. Mwenye pikapu ambaye hajalipwa mahindi yake hana uhuru mkubwa wa kuchagua. Lakini hesabu yenyewe ifanywe kwa miaka. Tairi linalouzwa nusu ya bei ya jipya, likiwa limebakiza mwaka mmoja kabla ya kuzeeka, ni ghali kuliko jipya litakalotumika miaka mitano. Na hiyo ni kabla ya kutaja gharama ya mzigo uliomwagika mtaroni.

Hata tairi lililo jipya dukani sharti lisomwe. Lililokaa rafuni miaka mitatu bila kununuliwa hung'arishwa kwa dawa likapendeza. Mnunuzi anayelipia bei ya jipya anastahili lenye tarakimu za mwaka huo au uliotangulia.

Baada ya tarehe, kuna yale yanayoonekana. Nyufa huanzia mahali ubavu unapokutana na rimu, na chini ya mifereji iliyo kati ya meno. Mikwaruzo ya juujuu si hatari kubwa, lakini ufa unaopanuka tairi linapobonyezwa, au unaofichua uzi au waya, ni hukumu. Vivyo hivyo uvimbe ubavuni. Uvimbe huo humaanisha nyuzi za ndani zimekatika, mara nyingi baada ya kugonga shimo au ukingo wa lami, na kilichobaki kuuzuia upepo ni mpira mtupu.

Tatizo ni kwamba hatari iliyo kubwa zaidi haionekani. Tairi lililozeeka huanza kuachana ndani kwa ndani, kwenye kingo za matabaka ya nyaya, huku nje likiwa zuri. Dalili zake hupatikana kwa mikono na masikio: usukani unaotetemeka kwa kasi fulani, mdundo unaofuata mzunguko wa gurudumu, au sehemu ya meno iliyoinuka kidogo kiganja kinapopitishwa juu yake. Dereva anayesikia hayo na kusema atalishughulikia akifika Kitale huenda asifike.

Mzigo na upepo ndivyo huamua tairi dhaifu litapasuka lini. Ubavuni, baada ya saizi, huwa na nambari ya uwezo wa kubeba na herufi ya kasi. Chukua tairi la 195R15C lenye 106/104, mojawapo ya saizi zinazotumika kwenye matatu za Hiace. Nambari 106 humaanisha kilo 950 kwa tairi moja, na 104 humaanisha kilo 900 kwa kila tairi iwapo yamefungwa mawili pamoja upande mmoja. Uwezo huo hupatikana tu upepo ukiwa wa kiwango kilichowekwa. Ukipungua, uwezo nao hupungua.

Katika Moi's Bridge hesabu hii hufanywa kwa magunia. Kwa kipimo cha gunia la kilo 90 ambacho wakulima wamekizoea, pikapu iliyoundwa kubeba tani moja hufikia kikomo chake kwa magunia 11. Ikipakiwa 20, kama ionekanavyo mara kwa mara, imebeba kilo 1,800, kabla ya kumhesabu dereva na wapakiaji walioketi juu ya mahindi. Mzigo huo huangukia zaidi matairi mawili ya nyuma, ambayo katika familia nyingi ndiyo huwekwa yale makuukuu.

Mara nyingi kinachopasua tairi lililozidiwa ni joto. Ubavu hunepa na kunyooka kila linapozunguka, mamia ya mara kwa dakika, na kunepa huko huzaa joto. Tairi lenye upepo haba na mzigo mkubwa hunepa mno, joto likapanda, nayo gundi ya matabaka ya ndani ikalegea. Ndiyo maana matairi mengi hupasuka mchana, kwenye lami nzuri iliyonyooka, dereva akiwa ameongeza mwendo, na si kwenye barabara mbovu ya shambani ambako kila mtu huendesha kwa hadhari.

Marekani ilijifunza hilo kwa uchungu. Mnamo Agosti 2000, Firestone ilitangaza kurejesha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari aina ya Ford Explorer, baada ya meno kubanduka yakiwa barabarani na magari kupinduka. Zaidi ya watu 200 walikufa. Matukio mengi yalitokea katika majimbo ya joto kama Texas na Florida. Katika mabishano yaliyofuata, kampuni hizo mbili zililaumiana, na moja ya hoja ilikuwa upepo: Ford ilikuwa imependekeza PSI 26, ilhali Firestone ilisema afadhali 30. Tofauti ya PSI nne, ambayo dereva wengi hapa hawangeijali, ilizua mjadala katika bunge la taifa hilo.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari. Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ile PSI iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kilele ambacho halipaswi kukipita, na si kiwango cha kila siku. Dereva anayepima baada ya kwenda mbali atakuta upepo umepanda kwa sababu ya joto. Akiupunguza, atakuwa amelifanya tairi kuwa na upepo haba litakapopoa.

Kuna desturi ya utingo kuyagonga matairi ya lori kwa nondo au rungu na kusikiliza mlio. Desturi hiyo hutambua tairi lililokwisha kabisa, lakini haiwezi kutofautisha tairi lenye PSI 100 na lenye 75. Kwa magurudumu pacha hatari huongezeka, kwani moja likipungua upepo, mwenzake hubeba mzigo wa mawili bila kulalamika hadi lipasuke. Geji ya upepo ni kifaa kidogo kinachoingia mfukoni. Lori lililosubiri kwenye foleni ya NCPB siku kadhaa likiwa limejaa linahitaji kupimwa upya kabla ya kusogea, maana tundu dogo ambalo halikuonekana siku ya kwanza huwa limekwisha kufanya kazi yake.

Meno, pamoja na yote yaliyosemwa, hayawezi kupuuzwa. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vilivyoinuka, na begani mwa tairi huwa na herufi TWI au pembetatu ndogo inayoelekeza vilipo. Vinundu hivyo viko kwenye kina cha milimita 1.6, ambacho ndicho kikomo cha kisheria barani Ulaya. Meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Asiyeviona anaweza kulaza njiti ya kiberiti, ambayo unene wake ni takriban milimita mbili, ndani ya mfereji. Ikichomoza juu ya meno, wakati wa kununua jipya umefika. Hili ni muhimu zaidi katika mvua za kuanzia Machi au Aprili, kwa sababu kazi ya mifereji ni kuyatoa maji. Yasipotoka, tairi huelea juu yake na usukani hukosa kazi.

Namna meno yanavyoisha pia husema. Yakiisha kingo zote mbili, upepo umekuwa haba. Yakiisha katikati, umekuwa mwingi. Upande mmoja ukiisha peke yake, magurudumu yanahitaji kunyooshwa.

Kuna wanaorefusha maisha ya tairi kipara kwa kulichonga meno upya kwa kisu chenye moto. Matairi ya lori yaliyotengenezwa kwa ajili hiyo huwa na neno REGROOVABLE ubavuni, na huwa yameachiwa mpira wa ziada. Kumchongea mtu tairi la gari dogo ni kumwondolea mpira mwembamba uliobaki juu ya nyaya. Kuvika tairi meno mapya kiwandani ni jambo tofauti, na ni halali kabisa kwa malori iwapo mwili wa tairi ni mzima. Ila umri unaopaswa kuhesabiwa ni wa mwili huo, wala si wa vazi jipya.

Kuhusu pancha, tundu dogo kwenye sehemu ya meno hutengenezeka, na njia bora ni kulitoa tairi kwenye rimu na kuziba kwa kiraka kutoka ndani. Ile kamba inayosukumwa kutoka nje imfikishe mtu kwa fundi, basi. Ubavu uliotoboka hauzibwi kwa njia yoyote.

Sheria haiko kimya. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, huagiza kwamba gari na sehemu zake zote, taa na matairi yakitajwa waziwazi, vidumishwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wa barabara wala abiria. Magari ya abiria na ya kibiashara hukaguliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Lakini ukaguzi ni wa siku moja, na hauwezi kujua ni tairi gani litafungwa kesho yake. Barabarani nako, jicho la askari huangukia kipara kwanza, na ni vigumu kumlaumu asipolala chini ya trela kutafuta tarakimu nne gizani.

Abiria naye ana nafasi yake. Anaposubiri matatu ijae, tairi la mbele liko mbele ya macho yake, na tarehe yaweza kusomwa kwa muda wa kutafuna njugu.

Swali ambalo huzua ubishi katika gereji ni la mahali pa kufunga matairi mapya yakiwa mawili tu. Wengi huyaweka mbele kwa sababu ndiko usukani uliko. Kwa gari dogo, watengenezaji hushauri yawekwe nyuma, kwa kuwa gari likiteleza nyuma huzunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Ushauri huo unahusu meno. Kwa lori na basi, tairi lililozeeka halifai kabisa kuwa mbele, kwani likipasuka usukani huvutwa upande huohuo. Likipasuka popote, dereva hapaswi kukanyaga breki kwa nguvu. Aushike usukani imara, aondoe mguu kwenye mafuta na aliache gari lipunguze mwendo lenyewe kabla ya kulitoa barabarani.

Tairi la akiba husahaulika kuliko yote. Hukaa chini ya gari miaka kumi, hutiwa matope na moshi, kisha siku ya haja hutegemewa limbebe mtu hadi nyumbani. Nalo lina tarakimu zake.

Linabaki suala la tairi lililokataliwa. Likitupwa tu kando ya gereji, huokotwa, hupakwa rangi na kurejea sokoni, au huishia kwenye trela ya jirani mwezi wa Novemba. Wenye uangalifu huukata ubavu kwa msumeno kabla ya kuliacha. Hasara haipo, kwa vile washonaji wa akala hawahitaji tairi lenye ubavu mzima. Wanachokitaka ni ile sehemu ya meno, na kwao mpira uliokakamaa hauna kasoro.